Mzigo Hauna Mdomo

Juzi nilirudi mtaani. Sikuwa na shughuli huko. Nilikuwa napita Nairobi tu, nikitoka mahali na kuelekea mahali, kama ilivyo desturi yangu tangu nilipoacha shule, nikasema ngoja nikaone kama mto wetu bado unanuka. Unanuka. Ila siku hizi una daraja la zege lenye vyuma pembeni, na mtu huvuka kwenda upande wa viwanda akiangalia simu yake, bila hata kujua kwamba amepita juu ya maji.

Nilikuwa nimeegemea vyuma hivyo wakati mama mmoja kijana aliponipita, amembeba mtoto mgongoni kwa leso. Mtoto alikuwa akimpiga mama yake mateke ubavuni na kunyoosha kidole mbele. "Mum, ona. Mum, ona pale." Hakukoma. Mama akamjibu bila kugeuza shingo, "Nyamaza. Mzigo hauna mdomo."

Maneno hayo yalinishika kama mtu aliyenivuta nguo kwa nyuma. Huyo mama alikuwa mdogo sana, hakuwa amezaliwa wakati yalipoanza. Aliyapata kwa mama yake labda, au kwa watoto wa ploti, na akayatumia kama wengine wanavyotumia pipi, kumnyamazisha mtoto. Mimi najua yalikotoka. Yalitoka pale chini ya daraja, kinywani mwa mtu tuliyemwita Kapteni, na ambaye kabla ya hapo tulimwita Punda.

Ngoja nikueleze taratibu.

Nililelewa na nyanya yangu. Tulimwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya, na tuliishi wawili katika chumba kimoja cha mabati, pembeni mwa Mukuru kwa Njenga. Sauti ya kwanza niliyoijua duniani ni ya kinu chake. Kabla jua halijatoka alikuwa uani akikoboa mahindi ya muthokoi: anayanyunyizia maji kidogo, anatwanga polepole yavue ngozi bila kuvunjika, kisha anapepeta. Ukitwanga kwa hasira unapata unga. Susu alikuwa mtu wa hasira, lakini hasira yake haikufika kwenye mchi.

Jirani yetu, mzee wa kutoka magharibi aliyekuwa mtu wa reli na kukaa Makongeni mpaka alipostaafu, alikuwa akipiga mabati kutoka ndani. "Mama, kuku wenyewe bado wamelala."

"Kuku wana mwenyewe wa kuwalisha," Susu alijibu, bila kusimamisha mchi.

Alipika muthokoi na maharagwe mpaka maji yakawa mchuzi mzito, akatia kitunguu kilichokaangwa na mafuta kidogo, akafunika sufuria kwa karatasi za nailoni, akaivika gunia, akaiviringishia blanketi kuukuu. Hapo sufuria ilikuwa kama mtoto mgonjwa anayepelekwa kliniki. Ilibidi ifike ng'ambo ya mto, kwenye geti la kiwanda, kabla ya king'ora cha saa saba. King'ora kikilia vibarua walimwagika nje wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na ambaye chakula chake kilikuwa tayari ndiye aliyeuza. "Mathe, niwekee ya chini," walimwambia, wakitaka ile iliyoshika sufuria na kuungua kidogo.

Alikuwa na mahali pake, pale ukuta unapotupa kivuli kidogo saa za mchana. Hakuna aliyempa mahali hapo na hakuna karatasi iliyosema ni pake. Nafasi ya geti ni kama kiti cha kanisani: ukikosa Jumapili mbili, unakuta mtu amekikalia na anaimba kwa sauti kuliko wewe. Chumba chetu, taa yetu, sare yangu ya shule na viatu vyake Susu, vyote vilisimama juu ya mahali hapo penye upana wa stuli moja. Alinikumbusha kila mara nilipofanya uvivu wa kuosha sahani. "Tukipoteza kile kivuli," alisema, "wewe na masomo mtaagana."

Sasa huyu Punda. Alikuwa kijana wa kuvuta mkokoteni, mwenye mabega makubwa na maneno machache. Siku moja alimletea Susu mzigo kutoka sokoni, na njiani gunia la mahindi likachanika kwa nyuma. Hakujua. Alivuta mkokoteni wake mtaa mzima huku mahindi yakidondoka nyuma yake kama mkojo wa ng'ombe, na watoto na akina mama wakiyaokota kimyakimya, hakuna aliyemwambia. Alipofika kwetu gunia lilikuwa limelala kama shati. Susu alitoka uani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, mbele ya ploti nzima.

"Hata punda huangalia nyuma," alisema.

Basi. Jina likamwingia. Kesho yake watoto walikuwa wanamfuata barabarani wakilia kama punda, na wakubwa wakasahau kwamba aliwahi kuitwa kitu kingine. Alikuwa anavuta mzigo kupanda mlima, mishipa imemtoka shingoni, na mtu aliyekaa dukani anamwuliza, "Niaje Punda, nyasi ulikula?" Alikuwa anaangalia mbele tu.

Kisha mvua kubwa ikaja na kuchukua daraja la zamani. Lilikuwa la miguu tu, la mbao na vyuma, na asubuhi moja tulikuta nguzo mbili zimebaki, moja upande wetu na moja upande wa viwanda, kama meno ya mzee. Wakubwa walisema litajengwa. Waliokuwa na haraka walizunguka mpaka barabara kuu, safari iliyowala asubuhi nzima.

Ni Punda aliyepata akili. Alikusanya mapipa ya mafuta yaliyotupwa na viwanda, mazima yasiyovuja. Mzee jirani alimwonyesha mahali palipotupwa mlango wa behewa la mizigo, wa mbao ngumu, bado una namba nyeupe zilizofifia. Mlango ukawa sakafu. Mapipa yakafungwa chini yake kwa blada, ile mipira ya ndani ya magurudumu iliyokatwa vipande virefu, ambayo aliinunua Kariokor kwa washona akala, vile viatu vya matairi. Halafu akafunga kamba nene ya nailoni kutoka nguzo moja hadi nyingine, juu ya maji. Yeye alisimama mbele ya huo mlango, akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta. Na mlango ukatembea juu ya maji. Tulipiga makofi. Tuliuita feri, na yeye tukamwita Kapteni. Jina la Punda likafa siku hiyo hiyo, mchana kweupe.

Nataka uelewe kazi yenyewe, maana nimevuka kwa feri nyingi tangu wakati huo na bado sijaona iliyofanana na ile. Mvutaji alitazama alikokwenda. Alivuta kamba kwa kifua na mikono, mkono baada ya mkono, na hakuweza kugeuka, kwa sababu akigeuka mkondo unamnyang'anya kamba. Kwa hiyo nyuma hakuwa na macho. Macho yake yalikuwa sisi. Miezi ile ya mwanzo, kila akifika katikati aliita, "Nyuma kuko aje?" Nasi sote, akina mama wa viwandani, mafundi, wanafunzi, tuliitikia, "Nyuma kuko sawa, Kapteni." Kama pipa limeinama au mtu amekaa ukingoni, tulimwambia, naye akapunguza mwendo. Mzee jirani alisema kwao ziwani pia hufanya hivyo, na akavuka mara kadhaa bila safari yoyote, kwa raha ya kuitikia tu.

Hali hiyo haikudumu. Mtu akikaa chini miaka mingi halafu ukampa mahali pa kusimama, hawezi kukaa tena hata akichoka. Kapteni aligundua kwamba asubuhi yetu yote ilikuwa mikononi mwake. Akichelewa, kibarua anakuta geti limefungwa. Akikukataa, unazunguka na jua. Alianza kwa utani, akimwacha nyuma aliyewahi kumlilia kama punda. Kisha akaanza kusimama katikati ya mto, pale kwenye povu la sabuni na rangi za viwanda, na kuutikisa mlango kwa miguu mpaka watu washikane. Na siku mtu mmoja alipolalamika, akasema neno lake.

"Nyinyi ni mizigo. Mimi nimevuta mizigo miaka, sijawahi kusikia gunia likisema. Mzigo hauna mdomo."

Watu walicheka. Hilo ndilo jambo la kwanza, walicheka, kwa kuwa siku hiyo si wao walioambiwa.

Ikawa sheria. Ukipanda unanyamaza. Wakati mwingine aliita bado, "Nyuma kuko aje?" lakini sasa ulikuwa mtego, akijibu mtu, feri inasimama, na huyo aliyejibu anatakiwa kusema kwa sauti, ng'ambo zote mbili zisikie, "Mimi ni mzigo." Mwalimu wetu wa Kiswahili alinaswa hivyo. Alisahau, akaitikia kwa adabu zake, "Nyuma ni salama." Kapteni akasimamisha feri.

"Mwalimu, wewe ni nini?"

"Mimi ni mwalimu."

"Mbona naona gunia limevaa tai?" Akatikisa mlango. Mwalimu hakujua kuogelea, kama sisi sote, kama Kapteni mwenyewe. "Sema, mimi ni gunia."

Akasema. Tulikuwa pale, nusu ya darasa lake. Kuanzia siku hiyo alipogeuka kuandika ubaoni, sauti ilitoka nyuma: "Gunia." Alivumilia muhula mmoja, kisha akahamia shule nyingine, na hatukumwona tena. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba maswali yangu si ujinga.

Susu alikuwa hajaguswa bado. Kapteni alimvusha kimya kwa wiki nyingi, na nilifikiri labda amesahau. Hakuwa amesahau. Alikuwa anamweka, kama wanavyoweka nyama ya sikukuu.

Asubuhi aliyoichagua feri ilikuwa imejaa. Susu alikuwa ameshaweka sufuria na mguu mmoja juu ya mlango. Kapteni akashika kamba, akatulia.

"Mathe, leo wewe utajitambulisha. Hawa watu wanataka kujua nimebeba nini."

"Unanijua," Susu alisema.

"Nilikujua nikiwa punda. Sasa mimi ni Kapteni. Sema wewe ni nini."

"Mimi ni mama ya watu."

Kapteni alishuka, akainua sufuria, tena kwa uangalifu, akaiweka kwenye tope la ukingo. "Mama ya watu atembee na miguu kama watu."

Susu alizunguka na barabara. Sufuria kichwani, jua utosini. Alifika king'ora kimelia, watu wamekula chapati za wengine na kurudi ndani. Alirudi nayo yote. Tulikula muthokoi jioni, tukala asubuhi, kesho yake ulichacha tukauosha tukala tena. Alizunguka hivyo siku kadhaa, kila siku akiondoka mapema zaidi, akitwanga mapema zaidi, mpaka mzee jirani akaacha kupiga mabati na kutoka kumtazama tu.

"Mama, sema tu," alimwambia. "Ni neno. Neno halina uzito."

"La kwangu alilibeba miaka," Susu alisema. "Kwa hiyo lina uzito."

Kisha nikamletea habari kutoka getini: mwanamke mwingine, kijana wa kuuza chapati, ameweka stuli yake chini ya kivuli chetu. Susu aliweka mchi chini. Nilimwona akifuta mikono kwenye leso kwa muda mrefu, mkono mmoja, halafu wa pili, halafu ule wa kwanza tena.

Kesho yake alikwenda mtoni. Kapteni aliwaambia watu wote wanyamaze.

"Wewe ni nini?"

"Mimi ni mzigo."

Akaweka kiganja sikioni. "Upepo."

"Mimi ni mzigo."

"Mzigo wa nini?"

"Wa muthokoi."

Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko. Mwanamke mmoja alikuwa anajifuta machozi. "Na mzigo je?" Kapteni akauliza, kama mwalimu.

"Mzigo hauna mdomo," Susu akasema, akapanda, akakaa karibu na sufuria yake nyuma kabisa, juu ya pipa la mwisho.

Yule kijana wa chapati alihama kutoka kivulini alipoona uso wake. Hakuambiwa kitu. Na tangu siku hiyo Susu hakufungua kinywa juu ya ule mlango hata mara moja. Hakusalimu, hakukohoa. Wengine walijificha na kunong'ona. Yeye alitii sheria mpaka Kapteni mwenyewe akaanza kutoipenda. "Mathe, hata salamu hakuna?" alimwambia mara nyingine. Alikuwa anamwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyekufa ambaye macho hayajafungwa.

Siku ninayotaka kukuambia, shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa nambebea Susu sahani na jagi la maji. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko usiku kucha, na mto ulikuja na rangi ya chai ya maziwa, umebeba chupa, viatu, mizizi mizima. Kamba ya nailoni iliyokuwa ikining'inia juu sasa ilikuwa karibu kulamba maji. Watu wachache walipanda. Tulikaa mahali petu nyuma, Susu na mimi na sufuria kati yetu.

Tulipoachana na ukingo nilimwona Susu akitazama chini, kati ya magoti yake. Nikatazama na mimi. Ule mlango ulikuwa na nafasi kati ya mbao, na kupitia hapo uliona blada zilizofunga pipa. Maji yale ya viwanda yalikula mpira. Ukiacha akala mtoni siku chache unakuta imekuwa laini kama ini. Kapteni alikuwa akizibadilisha zamani, watu walipokuwa wakimwambia. Sasa moja ilikuwa imeshakatika na ncha zake zilielea. Ya pili, iliyobaki peke yake, ilikuwa imevutika nyembamba na nyeupe, na kila mkondo ulipopiga, pipa lilitoka kidogo na kurudi, kama jino la mtoto.

Nilivuta pumzi niseme. Mkono wa Susu ukaja kinywani mwangu. Haukuwa na nguvu. Ulinuka kitunguu na moshi. Ulikaa tu pale.

Na wakati huo huo, katikati ya mto, Kapteni akaita. Sauti haikuwa ile ya mtego. Ilikuwa ile ya mwanzo, ya miezi ya kwanza, na nadhani siku hiyo mto ulikuwa umemtia hofu.

"Nyuma kuko aje?"

Wale wengine walitazama miguu yao. Hawakuona pipa, na walijua mtego wanapousikia. Aliyekuwa amekaa juu ya jibu alikuwa Susu. Alimtazama Kapteni mgongoni, yale mabega makubwa yakipanda na kushuka, na hakusema kitu.

Kapteni alisubiri kidogo. Kisha akacheka, kicheko chembamba. "Vizuri," alisema. "Mizigo imefunzika."

Tulifika. Susu alinishusha, akashusha sufuria, akaitwika. Halafu akageuka na kufungua kinywa.

"Asante, Kapteni," alisema.

Nilimwona akishangaa, na nikuambie kweli, alifurahi. Uso wote ulimfunguka kama wa kijana mdogo. "Haya, mathe," alisema. "Uza vizuri." Saa hizo hakuna aliyekuwa akirudi upande wetu. Susu alilijua hilo, kila mtu alilijua. Kapteni alirudi peke yake kuchukua wengine.

Tulipanga sahani kivulini. King'ora kikalia, vibarua wakamwagika, na nilikuwa namwagia mtu maji ya kunawa nilipokisikia kicheko kutoka mtoni. Kicheko kingi, cha ng'ambo zote mbili. Watu walianza kukimbia kwenda kuona, wengine na sahani zetu mikononi. "Kaa hapa," Susu aliniambia, lakini tayari nilikuwa nimekwenda.

Ule mlango wa behewa ulikuwa umesimama wima majini, namba zake nyeupe zinasomeka, halafu ukaondoka polepole kama mtu anayefungua mlango na kutoka. Pipa moja lilikuwa limeshafika mbali. Kapteni alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, maji kifuani.

"Kamba," alikuwa anaita. "Leteni kamba nyingine. Watu, mnisaidie."

Na kutoka upande wetu wa mtaa mtu fulani, sitajua kamwe ni nani, akajibu kwa sauti ndefu ya kuchekesha: "Mzigo hauna mdo-mo."

Mto mzima ulicheka. Walifikiri amesimama, unaelewa? Alikuwa karibu na ukingo, na siku za kawaida pale maji yalimfika mtu kiunoni. Walifikiri ana miguu chini, na wakaona acha naye alambe kidogo. Akaita tena, wakamjibu tena, sasa kwa pamoja, kama wimbo wa shule, na wengine walipiga makofi. Ilichukua muda kabla kicheko hakijaanza kupungua upande mmoja, kisha upande wa pili. Mtu akaanza kukimbia kutafuta kamba. Lakini wakati huo ilikuwa mikono tu inayoonekana. Halafu ile kamba ya nailoni ikaruka juu, ikatetemeka, kama kamba ya nguo unapoondoa blanketi lililolowa.

Nilirudi getini. Susu alikuwa anapakua.

"Wamemtoa?" aliniuliza.

Nikatikisa kichwa. Mwiko ulisimama juu ya sahani ya kibarua mmoja aliyekuwa akisubiri. Kisha ukaendelea. Alimpa ya chini, iliyoungua.

Walimpata siku ya pili, chini sana, kwenye takataka zilizojikusanya penye kona. Matanga yaliwekwa kwenye uwanja karibu na duka, na ule mtaa uliocheka ndio uliochanga, ukalia, ukaimba. Sisemi kwamba walikuwa wanafiki. Walilia kweli. Susu alipika. Alitwanga tangu alfajiri, akapika sufuria mbili za muthokoi kwa waombolezaji na hakutaka kusaidiwa.

Mama yake Kapteni alitoka kijijini, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi. Siku ya mwisho aliketi karibu na jiko letu na kumshukuru Susu kwa chakula. Kisha akamwambia, "Wameniambia wewe ndiye uliyevuka naye mara ya mwisho. Alisema kitu?"

Susu alikuwa amechuchumaa, anachochea moto. Nilikuwa nyuma yake, nilimwona shingo tu.

"Aliuliza kama nyuma kuko sawa," alisema.

"Na wewe ukamwambiaje?"

Moto ulikuwa na moshi mwingi. Susu alichukua sahani ya yule mama, ambayo haikuwa imeisha, akaijaza tena mpaka ikafurika, akamrudishia. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, dada," alisema, akala.

Hakuna aliyejenga feri nyingine. Susu alizunguka na barabara mwaka mzima, akachelewa zaidi na zaidi, na kile kivuli kikachukuliwa na yule kijana wa chapati, ambaye safari hii hakuhama. Alichosema Susu kilitimia: mimi na masomo tukaagana darasa la saba. Kinu aliuza. Hatukuwahi kuizungumza ile siku. Miaka baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kutangatanga na nikawa narudi na kuondoka, ugonjwa ulimpiga upande mmoja na kumchukua maneno. Njia ya kwetu gari haliingii. Tulimlaza kwenye mkokoteni kumpeleka barabarani, na mvutaji, kijana mpole, akanigeukia akasema, "Dada, shikilia mzigo hapo nyuma, usiteleze." Susu alinitazama. Macho yake yalikuwa yanasikia vizuri kabisa.

Basi ndiyo maana juzi nilisimama pale darajani muda mrefu. Nguzo ya chuma ya upande wetu bado ipo, ina mfereji uliochongwa na kamba, na vijana huikalia wakinywa soda. Kinu hukisikii tena mtaani. Muthokoi huuzwa dukani umeshakobolewa, ndani ya karatasi. Mzee wa reli alirudi kwao kufa. Mto umebanwa na kuta mpaka umekuwa mdogo kama mfereji wa kufulia, na ukiwaambia watoto kwamba uliwahi kummeza mtu wanadhani unawafanyia mzaha. Nimevuka kwa feri za pwani na za ziwa, na kila ninapopanda hutafuta mahali pa nyuma, nikatazama chini, nikawauliza mabaharia maswali mpaka wakanichoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi nyuma kuko aje.

Yule mama kijana alikuwa bado hajamaliza daraja. Mtoto mgongoni alikuwa amenyamaza, lakini kidole chake kilikuwa bado kimenyooshwa, kwa hiyo nikakifuata. Mbele yao palikuwa na mkokoteni unaopanda, umejaa magunia, na gunia la mwisho lilikuwa limechanika. Mahindi yalikuwa yanadondoka juu ya zege, mstari mrefu mweupe, na watu walikuwa wameshaanza kuinama. Nilimwita mwenye mkokoteni, nikamwita tena kwa nguvu zaidi. Alikuwa na visikizi masikioni, anavuta, mishipa imemtoka shingoni, anaangalia mbele.

Yule mama akakunjua pindo la leso yake, akainama na kuanza kuokota. Mtoto aliyekuwa mgongoni akageuza kichwa akanitazama.